Kutoka pombe ya ndizi hadi telefoni: historia ya kumtayarisha mgonjwa anayepasuliwa

Katika hospitali na vituo vya afya vya kwetu kuna neno moja linalotisha familia kuliko mengine yote: kupasuliwa. Mama mjamzito anafika usiku kutoka kambini, ao kutoka kwa familia iliyomkaribisha. Mtoto amekaa vibaya tumboni. Daktari anasema lazima aingizwe katika chumba cha upasuaji. Karatasi inaletwa, imeandikwa kwa Kifaransa. Mume hayupo, amebaki upande mwingine wa mapigano. Mama mkwe anaonyeshwa mahali pa kuweka kidole, naye anaweka. Ukimuuliza kesho yake aliweka kidole juu ya nini, atakujibu tu: "Waliniambia niweke."

Siku hizi watu wengi wanasema kwamba telefoni inaweza kusaidia katika jambo hili. Inaweza kumwelezea mgonjwa mapema, kwa sauti na picha, mambo yatakayomfikia. Hiyo ni kweli, lakini mbele ya kusifu telefoni inafaa tujue njia iliyotufikisha hapa. Kumtayarisha mgonjwa hakukuanza na mashine. Ni jambo la zamani sana, na historia yake inaonyesha wazi kitu kinachosaidia na kitu kisichosaidia.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, mwaka 1879

Tuanze karibu na kwetu. Ukivuka Ziwa Albert kutoka Ituri unafika Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja aliyekuwa amesomea udaktari, Robert Felkin, alishuhudia huko, mahali panapoitwa Kahura, mwanamke akipasuliwa ili mtoto atolewe. Aliandika mambo aliyoyaona, na maandishi yake yalichapishwa huko Edinburgh mwaka 1884.

Mama huyo alikuwa na miaka karibu 20, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alilazwa juu ya kitanda chenye mteremko, akafungwa kwa nguo za magome ya mti ili asisogee. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu. Pombe hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa na mpasuaji kunawa mikono na kusafisha tumbo la mama. Kisha mpasuaji alipaza sauti kali, na watu waliokusanyika nje ya nyumba wakaitikia. Ndipo akakata. Damu ilizuiliwa kwa chuma cha moto. Jeraha lilifungwa kwa vijiti vyembamba vya chuma vilivyozungushiwa kamba za magome, na juu yake ikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Felkin aliandika kwamba siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Mama na mtoto walikuwa wazima.

Tuangalie vizuri matayarisho hayo. Yalikuwa na sehemu tatu: kupunguza maumivu, kuosha, na kukusanya watu karibu na mgonjwa. Wote waliokuwa pale walijua kazi inakwendaje na wakati gani wa kuitikia. Mpasuaji huyo hakuwa akibahatisha. Alifuata desturi yenye mpango, hatua kwa hatua.

Paris, mwaka 1811: mgonjwa aliyedanganywa

Sasa tulinganishe na mji mkubwa wa Ulaya. Miaka 68 mbele ya hapo, mwezi wa Septemba 1811, mwandishi Mwingereza Frances Burney alikatwa titi huko Paris kwa sababu ya uvimbe. Mmoja wa madaktari wake alikuwa Dominique-Jean Larrey, mpasuaji mashuhuri wa jeshi la Napoleon. Wakati huo dawa ya usingizi haikuwa imejulikana. Burney alipewa kinywaji cha divai, basi.

Miezi kadhaa baadaye alimwandikia dada yake barua ndefu. Hakuambiwa siku ya kupasuliwa. Alipewa habari saa chache tu mbele ya kazi. Alikuwa ameahidiwa kwamba atakaa katika kiti, lakini akaona kitanda kinaletwa katikati ya chumba. Wanaume saba waliovaa nguo nyeusi wakaingia nyumbani mwake bila kubisha hodi vizuri. Wakamfunika uso kwa kitambaa ili asione, lakini kitambaa kilikuwa chembamba sana. Kupitia kitambaa hicho aliona watu waliomzunguka, akaona na chuma kinang'aa.

Madaktari hao hawakuwa watu wabaya. Walifikiri kwamba kumficha mgonjwa ni kumhurumia. Burney alipona, akaishi zaidi ya miaka 28 baada ya hapo, lakini aliandika kwamba kwa muda mrefu hakuweza hata kuzungumzia siku ile. Kwa ufundi wa mikono, madaktari wake walikuwa kati ya bora zaidi wa Ufaransa. Kitu walichokosa ni kumwambia ukweli mapema.

Usingizi unafika, na tumbo tupu

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali kubwa ya Massachusetts huko Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa eteri mbele ya madaktari wengi. Mgonjwa alikatwa uvimbe wa shingoni bila kulia. Mwaka uliofuata, huko Edinburgh, James Young Simpson akaanza kutumia klorofomu kwa wanawake wanaozaa. Habari zilienea ulimwenguni kwa miezi michache tu.

Hilo lilikuwa jambo kubwa sana, na hakuna anayetamani kurudi nyuma. Lakini usingizi ulileta hatari mpya, na hatari hiyo ndiyo inayoeleza amri moja ambayo familia nyingi hapa kwetu hazielewi: "Mgonjwa asile."

Mtu aliyelalishwa kwa dawa hawezi kukohoa wala kumeza kama kawaida. Chakula kilicho tumboni kinaweza kupanda hadi kooni na kushuka katika mapafu. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha hesabu yake. Kati ya mimba 44,016 zilizoangaliwa katika hospitali yake kuanzia mwaka 1932 hadi 1945, wanawake 66 walipatwa na jambo hilo wakati wa kulalishwa. Tangu hapo madaktari wakawa wakali zaidi juu ya chakula mbele ya upasuaji.

Leo kawaida inayofuatwa mahali pengi ni hii: mtu mzima aache chakula kigumu kwa muda wa saa 6 na maji safi kwa muda wa saa 2 mbele ya kulalishwa. Muuguzi wako anaweza kukupa saa tofauti kulingana na hali yako, umfuate yeye. Jambo ninalotaka tuelewe ni sababu. Mara nyingi wagonjwa wanaambiwa "usile" bila kuelezwa kwa nini. Ndugu anayemlinda mgonjwa anamwona ana njaa, anamhurumia, anamletea uji kwa siri. Kwa watu waliokimbia vita, wanaojua njaa ni nini, kumnyima mgonjwa chakula kunaonekana kama ukatili. Ukimwelezea ndugu huyo kwamba uji ule unaweza kuingia katika mapafu, hataleta tena. Na mgonjwa wa haraka, aliyekwisha kula, asiogope kusema ukweli. Daktari akijua, anaweza kuchagua njia nyingine ya kumzuia maumivu ao kuchukua uangalifu zaidi.

Mazungumzo yaliyopunguza dawa

Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya eteri, madaktari walishughulika sana na mwili wa mgonjwa: damu yake, pumzi yake, vidudu vya magonjwa, mionzi ya kuona mifupa. Maelezo kwa mgonjwa mwenyewe yalibaki nyuma. Mtu aliyelala hana swali.

Mwaka 1964, katika hospitali ileile ya Boston, daktari wa usingizi Lawrence Egbert na wenzake walitoa habari iliyoshangaza wengi. Walichukua wagonjwa 97 waliokuwa wanakwenda kupasuliwa tumboni, wakawagawa katika vikundi viwili. Kikundi cha kwanza kiliangaliwa kama kawaida. Kikundi cha pili kiliongezewa kitu kimoja: usiku mbele ya upasuaji daktari wa usingizi alikwenda kitandani na kuzungumza nao. Aliwaambia wapi watasikia maumivu, yatakuwa makali namna gani, yatadumu muda gani, na kwamba kusikia maumivu si dalili kwamba kazi imeharibika. Aliwafundisha namna ya kupumua, kulegeza misuli ya tumbo na kugeuka kitandani.

Wapasuaji hawakuambiwa mgonjwa gani yuko katika kikundi gani. Matokeo yalikuwa haya: walioelezwa walihitaji karibu nusu tu ya dawa kali za maumivu, nao walirudishwa nyumbani karibu siku 3 mapema kuliko wenzao. Hakuna mashine iliyotumiwa. Ni mtu, kiti kando ya kitanda, na lugha ambayo mgonjwa anaielewa.

Hesabu hiyo inatuhusu sana sisi. Mahali ambapo dawa za maumivu ni chache na kila siku ya kulazwa ni deni kwa familia, maelezo si adabu tu. Ni sehemu ya matunzo.

Filamu, halafu miwani ya kompyuta

Ndipo likaja swali: daktari mmoja ana wagonjwa wengi, atapata wapi wakati wa kuzungumza na kila mmoja? Hapo teknolojia iliingia. Mwaka 1975, Marekani, Barbara Melamed na Lawrence Siegel waliandika juu ya filamu inayomwonyesha mtoto anayeitwa Ethan, tangu anapoingia hospitali hadi anapotoka. Mtoto mwenyewe anaeleza katika filamu anachoogopa na namna anavyopita katika woga huo. Watoto 60 wa miaka 4 hadi 12, waliokuwa wanangoja kupasuliwa, waligawanywa: wengine walionyeshwa filamu hiyo, wengine filamu isiyohusu hospitali. Walioona habari za Ethan walikuwa na woga mdogo, mbele ya upasuaji na baadaye pia.

Mwaka 2017 madaktari wa Korea ya Kusini walitangaza jaribio linalofanana na hilo kwa vifaa vya kisasa. Watoto 69 walishiriki. Baadhi yao walivalishwa miwani mikubwa inayofunika macho na kuonyesha video, mtoto akajiona kama yuko ndani ya chumba cha upasuaji pamoja na Pororo, ndege wa katuni anayependwa sana na watoto wa Korea. Dakika chache tu za ziara hiyo zilipunguza woga wao wakati wa kulalishwa.

Kutoka Ethan hadi Pororo ni miaka 42. Vifaa vimebadilika kabisa, lakini njia ni moja: mtoto anamwona mwingine anayemfahamu moyoni akipita mahali pa kutisha na kutoka mzima. Na lugha ni ya mtoto mwenyewe. Pororo angepelekwa kijijini Masisi, watoto wangecheka tu bila kuelewa lolote.

Karatasi yenye maana

Turudi kwenye karatasi ya kuweka kidole. Nayo ina historia yake. Mwaka 1947, huko Nuremberg, mahakama iliyohukumu madaktari wa Ujerumani ya Hitler waliowafanyia wafungwa majaribio iliandika kanuni kumi. Ya kwanza inasema kwamba lazima mtu akubali kwa hiari yake mwenyewe, huku akielewa anachokubali. Kanuni hizo zilihusu majaribio. Baadaye mahakama za nchi mbalimbali ziliendeleza wazo hilohilo katika matibabu ya kila siku. Kwa hiyo karatasi hiyo ilizaliwa ili imlinde mgonjwa. Inapotiwa kidole bila maelezo inabaki kulinda hospitali peke yake.

Kuna karatasi nyingine yenye historia nzuri, na sehemu yake ilipita Afrika ya Mashariki. Miaka ya 2007 na 2008, Shirika la Afya Ulimwenguni lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi katika hospitali za miji minane. Mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, Tanzania. Mingine ni kama London, Toronto, Manila na New Delhi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kati ya wagonjwa 1000 waliopasuliwa, vifo vilishuka kutoka 15 hadi 8. Orodha hiyo ina mambo mengi, lakini angalieni inaanza na nini. Mbele ya dawa ya usingizi, mgonjwa mwenyewe anathibitisha yeye ni nani, anapasuliwa wapi, anafanyiwa kazi gani, na kwamba amekubali. Mtu asiyeelezwa hawezi kujibu maswali hayo. Kwa hiyo usalama wa chumba chote cha upasuaji unaanza na mgonjwa anayeelewa.

Mambo tuliyojifunza hapa kwetu

Wakaaji wa Beni, Butembo na Mangina hawajasahau Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mwanzoni wengi waliogopa vituo vya matibabu kuliko ugonjwa wenyewe. Ndugu yako aliingia nyuma ya ukuta wa turubai, ukasikia tu kwamba amekufa. Uvumi ukajaza nafasi ya habari.

Kati ya mambo yaliyosaidia ni chumba kimoja kilicholetwa na shirika la ALIMA, kinachoitwa CUBE. Kuta zake ni za plastiki inayopitisha mwanga kama kioo. Familia inasimama nje bila mavazi ya kujikinga, inamwona mgonjwa, inazungumza naye, inaona wauguzi wanavyomtunza. Watu waliopona pia waliingia kuwatunza wagonjwa na watoto. Watu walianza kuamini walipoona kwa macho yao wenyewe na kusikia mashahidi wanaowajua. Somo hilo si la Ebola peke yake.

Basi telefoni inaweza kufanya nini? Karibu kila kundi la familia zilizokimbia lina mtu mmoja mwenye telefoni, na watu wengi wamezoea kusikiliza ujumbe wa sauti. Muuguzi anaweza kurekodi maelezo ya dakika tano juu ya upasuaji wa kuzaa: utaingia mlango gani, utachomwa sindano wapi, utasikia nini ukiwa macho, nani atampokea mtoto, kwa nini usile, kwa nini ndugu wanaombwa kutoa damu, lini utaanza kutembea. Mama anaweza kuyasikiliza mara tatu, pamoja na mama mkwe. Mume aliye mbali anaweza kutumiwa ujumbe huohuo, naye akatoa neno lake kwa kujua.

Lakini historia inatuonya juu ya mambo matatu.

La kwanza ni lugha. Katiba ya nchi yetu inataja Kifaransa kama lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kama lugha za taifa. Ila bibi aliyetoka milimani anaweza kuwa anaelewa vizuri Kihunde, Kinande, Mashi ao Kinyarwanda tu. Sauti iliyorekodiwa ina faida hapo, kwa sababu haihitaji kujua kusoma, na inaweza kurekodiwa tena katika kila lugha.

La pili ni majibu. Wagonjwa wa Boston hawakusikiliza tu, waliweza kuuliza. Video isiyo na mtu wa kuulizwa ni kama kile kitambaa cha Paris: unaona chuma kinang'aa, huna wa kukueleza.

La tatu ni heshima. Picha ya mgonjwa ao ya jeraha lake isipigwe bila ruhusa yake, wala isirushwe katika makundi ya WhatsApp. Na si kila ujumbe unaozunguka huko umetoka kwa daktari. Uliza umetoka hospitali gani.

Maswali ya kuuliza

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wewe ao ndugu yako mkiambiwa kuna upasuaji, ulizeni haya, na mkikubaliwa rekodini majibu kwa telefoni ili familia nzima isikie: Ugonjwa unaitwaje, na kwa nini lazima kupasua? Kuna njia nyingine? Nitalala kabisa ao nitakuwa macho? Niache kula na kunywa saa ngapi? Damu ikihitajika, itatoka wapi? Nitasikia maumivu gani baadaye, na dalili gani zinifanye nirudi haraka? Gharama ni kiasi gani, na nani analipa?

Baada ya kuelezwa, mwambieni muuguzi kwa maneno yenu mlivyoelewa. Akisikia mmekosea, atarekebisha palepale. Jambo hilo halichukui hata dakika mbili, na linafaa hata usiku wa haraka, mahali pasipo umeme wala mtandao.

Kwa wauguzi na madaktari wanaotusoma: tunajua mnafanya kazi nyingi kwa mishahara midogo, ao bila mshahara. Hatuwaombi mashine. Tunaomba yale mazungumzo ya Boston, katika lugha yetu, na yakirekodiwa mara moja yatawasaidia wagonjwa mia. Kituo cha afya kitakachokuwa tayari kurekodi maelezo ya namna hiyo katika Kiswahili ao lugha nyingine za jimbo kituandikie hapa. Tutayasambaza kwa wasikilizaji wetu wote, makambini na vijijini.